Trei ya CD Ikikwama, Usiivute

Redio ya CD tatu au tano iliyokwama aghalabu haijafa. Kilichochoka ndani yake ni kitu kidogo cha mpira, belti nyembamba kama njiti ya kibiriti, na pengine grisi iliyokauka. Vyote viwili ni vya bei ndogo. Kinachoiua mashine ni yale yanayofuata: kisu kinachopenyezwa kwenye mwanya wa trei, kofi juu ya kava, vidole vinavyovuta plastiki iliyofungwa na gia, halafu hukumu ya haraka kwamba jicho, yaani lenzi ya leza, limekufa au mota imeungua. Mwongozo huu unashikilia jambo moja. Trei inayogoma imepungukiwa na nguvu, na kazi yako ni kutafuta nguvu hiyo imepotelea wapi kabla hujaongeza ya mkono wako.

Umri wa mashine zenyewe ni ushahidi wa kwanza. Redio hizi kubwa zinazokaa sebuleni Magongo, Mikindani, Chaani na Port Reitz, Mombasa, ni za Sony, Aiwa, Panasonic, JVC, Kenwood na wenzao, na nyingi ziliundwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000. Baadhi zilinunuliwa mpya, nyingine ziliingia kama mitumba baada ya kutumika Ghuba au Ulaya. Kwa hiyo belti iliyomo ndani ina miaka 20 au 30, na muda wote huo imekaa imevutwa juu ya puli zilezile. Mpira huzeeka kwa oksijeni, ozoni na joto, hata usipotumika. Wanakemia wana kanuni ya kukadiria: joto likipanda kwa nyuzi 10, mwendo wa uchakavu wa namna hii hukaribia kuwa maradufu. Belti iliyokaa Mombasa kwenye nyuzi 30 imezeeka, kwa makadirio hayo, mara mbili ya ile iliyokaa kwenye nyumba ya nyuzi 20 huko Uingereza. Ongeza joto la transfoma ndani ya kasha, kitambaa cha kufuma kilichotandikwa juu ya redio kikaziba matundu ya hewa, vumbi la malori ya Barabara ya Magongo, na hewa ya chumvi inayopanda kutoka baharini. Ungeshangaa kama belti ingebaki salama.

Ushahidi wa pili umo katika namna mashine inavyofanya kazi. CD ina kipenyo cha sentimita 12, unene wa milimita 1.2 na tundu la milimita 15 katikati. Mashine ya CD moja huitoa trei, huirudisha na kuibana CD, basi. Ya CD tatu au tano ina kazi tatu: kutoa trei, kuzungusha sahani kubwa inayobeba CD, na kuinua kitanda chenye lenzi hadi CD ibanwe kati ya kitovu kilicho chini na kibanio cha sumaku kilicho juu. Mara nyingi mota moja ndogo, yenye upana wa sentimita 2 hivi, hubeba zaidi ya kazi moja kati ya hizo. Nguvu yake hupita kwenye belti, hufika puli kubwa, huingia gia, na mwisho hugeuza gia pana yenye mifereji iliyopinda. Mifereji hiyo ndiyo inayoamua kama sasa ni zamu ya kuinua kitanda au ya kusukuma trei. Gia za plastiki hazitelezi. Jino likishika jino, ama liende ama livunjike. Katika msururu huo wote, kinachoweza kuteleza ni belti peke yake. Na hilo lina faida yake, kwa sababu mtoto akiizuia trei kwa mkono belti huteleza na meno yakasalimika. Belti ikizeeka, huteleza hata pasipo mkono wa mtoto.

Sasa kuna jaribio moja ambalo linaweza kukuonyesha ukweli kabla hujagusa skrubu. Mahali msururu unapohitaji nguvu nyingi kuliko pote ni pale sumaku ya kibanio inapoachanishwa na kitovu. CD ikiwa katikati, milimita 1.2 za plastiki hutenganisha sumaku na chuma, na mvuto hupungua. Pasipo CD, vinakaribiana zaidi na mvuto huwa mkubwa. Basi angalia: kama trei hufunguka vizuri ikiwa na CD lakini hukwama ikiwa tupu, umepata jibu. Mota ingekuwa imekufa isingechagua. Jicho halihusiki kabisa na kubanwa kwa sumaku. Kilichobaki, mara nyingi, ni belti isiyoshika tena. Sikiliza pia. Ukibonyeza kitufe ukasikia mota inalia kwa kasi na trei haisogei, au inasogea kidogo kisha inasita, belti inateleza. Ukisikia meno yakirukana, tak-tak-tak, zima mara moja, maana gia zimepoteza mpangilio au kuna jino lililokatika. Ukikuta kimya kitupu, hapo ndipo unapoweza kuanza kuishuku mota, waya au saketi inayoiendesha.

Kabla ya kufungua, ondoa sababu za bure. Baadhi ya redio za Sony zina kufuli ya trei iliyowekwa kwa ajili ya maonyesho dukani, na kwenye kioo hutokea neno LOCKED. Trei hiyo haikukwama. Katika baadhi ya hizo unabonyeza na kushikilia kitufe cha kusimamisha pamoja na cha kufungua kwa sekunde kadhaa, na kufuli hutoka. Sababu nyingine ni stima. Ikipotea wakati sahani inazunguka au kitanda kinapanda, kila kitu husimama nusu njia. Stima ikirudi, kompyuta ndogo ya redio huijaribu mota sekunde chache ikitafuta mahali pa kuanzia, isipopapata hukata tamaa. Chomoa plagi ukutani, ngoja dakika kadhaa, kisha chomeka tena na uiache imalize shughuli yake bila kubonyeza chochote. Ikijirudi yenyewe, shukuru. Ikirudia ugonjwa uleule baada ya siku chache, nguvu ilikuwa imepungua tangu zamani na kukatika kwa stima kumeifichua tu.

Ukiamua kufungua, chomoa plagi kabisa. Usitegemee swichi ya mbele wala rimoti, kwa sababu redio iliyozimwa kwa rimoti bado ina volti 240 upande wa transfoma, na kapasita kubwa hubaki na chaji kwa muda. Usiiwashe ikiwa wazi huku umeinamia lenzi. Mwali wa leza ya CD ni wa nanomita 780, macho hayauoni, na kutouona hakumaanishi hauumizi. Fungua skrubu za kava, nyingi ziko nyuma na ubavuni, uziweke kwenye kifuniko cha chupa kwa mpangilio, maana za chuma na za plastiki hutofautiana. Piga picha kwa simu kila hatua. Fundi mzoefu anaweza kuona hilo ni jambo la mwanafunzi, lakini picha ya gia kabla hazijaguswa ndiyo itakayokuokoa saa mbili baadaye.

CD zilizonasa zitoe kwa mkono, ila mkono uguse mahali sahihi. Tafuta puli ya mota au ile kubwa iliyounganishwa nayo, uigeuze pole pole kwa ncha ya kidole. Katika mashine nyingine kuna tundu chini ya kasha linaloruhusu bisibisi nyembamba kufika kwenye gia pana. Ukigeuza upande mmoja kitanda kitashuka, sumaku itaachia, na trei itaanza kutoka. Upande wa pili utakinyanyua tena. Ukihisi ugumu, rudi nyuma nusu mzunguko na uchungulie kwa tochi. Mara nyingi utakuta CD mbili zimelaliana, au karatasi iliyobandikwa juu ya CD ya kuchoma imebanduka kwa joto na kujikunja kwenye kibanio. Karatasi hizi zinastahili lawama kubwa kuliko zinayopewa. CD za harusi na za kaswida zilizochomwa vibandani zilibandikwa lebo nzuri za rangi, gundi ikayeyuka, na ukingo wa karatasi ukaanza kukwaruza paa la trei. Ibandue lebo inayoanza kuinuka na uandike jina la CD kwa kalamu ya wino wa kudumu. Lakini ivute kwa upole, maana tabaka linalobeba muziki liko upande huohuo wa lebo, chini ya rangi nyembamba tu. Likianza kung'oka pamoja na karatasi, acha, nakili CD hiyo kwanza kwenye kompyuta.

Trei ikishatoka, belti utaiona au utaifikia kwa kuondoa sahani inayozunguka, ambayo kwa kawaida hushikwa na skrubu moja katikati. Itoe kwa kibano, usiivute kwa kucha. Iangalie mwangani: iliyochoka hung'aa, haichezi inapovutwa, na ukiiweka mezani hubaki na umbo la yai badala ya duara. Nyingine huwa imegeuka kuwa kitu cheusi kinachonata kama lami, na hiyo lazima uifute kwenye puli zote kwa pamba yenye spiriti hadi pamba itoke safi. Sasa fanya jaribio la pili, linalofunga mjadala. Chemsha maji, yaepue, tumbukiza belti kwa dakika mbili au tatu, ikaushe kabisa, ifute kwa spiriti na uirudishe. Mpira ulioregea hujikunyata kidogo kwa maji ya moto. Kama trei iliyokuwa inagoma sasa inatoka na kurudi bila kusita, umethibitisha ugonjwa kabla ya kutumia hata shilingi. Usidanganyike kwamba umemaliza kazi. Nafuu hiyo ni ya siku au wiki chache, kisha mpira hurudi kwenye ulegevu wake.

Kwa kununua mpya unahitaji vipimo viwili. Unene ni rahisi, kwa kawaida milimita 1 hadi 1.5, na umbo la ubavu ni la mraba. Duara lake lipate hivi: ibane belti iwe bapa, pima urefu wake kwa rula, zidisha kwa mbili, kisha gawanya kwa 3.14. Belti ambayo ikibanwa ina urefu wa milimita 47 ina mzunguko wa 94, yaani kipenyo cha 30. Kwa kuwa hiyo ya zamani imeshatanuka, tafuta iliyo ndogo kwa asilimia 5 hadi 10, hapa ni milimita 27 au 28. Ukichukua ndogo kupita kiasi kwa kudhani inayobana sana ndiyo imara, utaielemea mota na kuzila bushi zake. Mafundi wengi wana mkebe wa belti zilizochanganyika, na wauza spea wa kisiwani Mombasa au wa Luthuli Avenue, Nairobi, huziuza kwa pakiti za saizi mbalimbali. Usichukue belti kutoka kwenye redio iliyokufa ya umri uleule. Hiyo imezeeka sawa na yako.

Wapo watakaosema raba bendi ya kufungia noti inatosha. Itaendesha trei leo, kweli. Lakini ni mpira wa asili usiokingwa dhidi ya ozoni, umbo lake ni bapa na hupanda ukingoni mwa puli, na kwa joto la pwani hupasuka upesi. Ikikatika katikati ya safari, CD zako zitafungiwa ndani upya. Ringi ya mpira mweusi ya mafundi bomba, ikiwa nyembamba na ya kipimo kinachofaa, ni afadhali mara nyingi, ingawa ubavu wake wa mviringo hushika puli kidogo kuliko wa mraba. Itumie ukiwa huna njia, na ujue unangoja belti.

Belti mpya peke yake haitoshi kama njia ya trei imejaa grisi ngumu ya rangi ya asali. Ifute yote kwa spiriti na kitambaa, na kwenye pembe tumia mswaki wa zamani. Petroli na thina ziweke mbali kabisa. Huweza kuyeyusha plastiki, na jino la gia lililolainika halirudi. Mafuta ya kunyunyizia ya kulegeza nati zilizoshika kutu yana sifa kubwa kuliko yanavyostahili hapa: huosha grisi iliyobaki, hutambaa hadi kwenye belti, na baada ya wiki trei hugoma zaidi ya mwanzo. Mafuta ya nazi na ya kupikia huganda na kuita mende na sisimizi, ambao kwa kweli hawahitaji mwaliko. Jeli ya kujipaka hulainisha mpira ukaharibika. Kinachofaa ni grisi nyeupe iliyoandikwa kuwa ni salama kwa plastiki, au ya silikoni, kiasi cha punje ya mchele kwenye kila reli na kwenye mfereji wa gia pana. Puli na belti zibaki kavu kama zilivyotoka kiwandani.

Kama uliziondoa gia, au meno yalikuwa yamerukana, ujue hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibikia. Gia pana na reli ya trei zina alama: kitone, mshale au tundu dogo. Alama hizo lazima zikabiliane wakati trei iko kwenye nafasi iliyokusudiwa, mara nyingi ikiwa nje kabisa au ndani kabisa. Jino moja tu likipita, kitanda kitainuka kabla trei haijafika, kitovu kitagonga CD kutoka chini, na utadhani umenunua belti mbovu. Linganisha na picha zako. Kabla ya kurudisha stima, zungusha puli kwa mkono safari nzima: trei nje, trei ndani, kitanda juu, kitanda chini. Hakuna mahali panapopaswa kuhitaji nguvu zaidi ya ncha ya kidole, isipokuwa ule ukinzani mdogo wa sumaku inapoachia.

Pingamizi kubwa la mafundi ni kwamba si kila mkwamo ni belti, na wanasema kweli. Kuna mota zilizochakaa brashi zake. Hiyo ijaribu bila kubahatisha: ng'oa plagi yake kwenye bodi, gusisha betri mbili ndogo za tochi, jumla volti 3, kwenye nyaya zake, kisha geuza nyaya. Ikizunguka pande zote mbili bila kusita, ni nzima, na kwa njia hiyohiyo unaweza kuiendesha trei taratibu ukiangalia inapokwamia. Kuna sensa zinazohesabu matundu chini ya sahani. Zikifunikwa na vumbi au utando wa buibui, sahani huzunguka bila kujua isimame wapi. Kuna swichi ndogo za majani ya shaba ambazo hewa ya chumvi huzifanya nyeusi. Chovya kipande cha karatasi ngumu kwenye spiriti, kipitishe kati ya majani yake mara kadhaa. Hata hivyo makosa hayo yana dalili zake, na hakuna hata moja linalofanana na mota inayolia huku trei imetulia. Mpangilio wa kukagua hubaki uleule: anza na kinachochakaa kwa umri, malizia na kinachoharibika kwa bahati mbaya.

Kuhusu jicho nataka niwe mkali, kwa sababu ndilo linalogharimu watu pesa. Lenzi iliyochoka hufanya redio isisome CD, na mashine ya CD nyingi isiposoma huhama kutoka nafasi moja hadi nyingine ikitafuta, hadi mwenye nayo akadhani imechanganyikiwa. Lakini tazama: kila mwendo katika hali hiyo hukamilika. Trei hufunguka, sahani husimama mahali pake, kitanda hupanda na kushuka. Kilichokwama hakikamilishi mwendo. Kwa hiyo ukiambiwa ununue jicho kwa sababu trei haitoki, omba uonyeshwe belti kwanza.

Limebaki swali la kama inafaa kuhangaika, siku hizi ambapo spika ya bluututhi huuzwa kila kona na simu ina nyimbo zote. Simu haina nyimbo zote. CD kama Mtindo wa Mombasa ya kundi la Zein Musical Party, iliyotolewa na GlobeStyle ya Uingereza mwaka 1990, ina sifa kubwa kiasi kwamba mtu atahangaika kuitafuta. CD ya harusi ya dada yako na kaswida za madrasa ya mtaani hazina pengine zinapopatikana. Redio yenyewe ina amplifaya na spika za mbao ambazo spika nyingi ndogo za leo hazifikii, na mara nyingi ina tundu la kuingizia sauti ya simu. Kuitupa ni kutupa vyote hivyo kwa ajili ya mpira mmoja. Na kutupa ni wapi? Jaa la Kibarani lilifungwa, taka za Mombasa sasa hupelekwa Mwakirunge, na plastiki na nyaya za redio haziozi huko. Zikichomwa ili kupata shaba, moshi wake ni sumu kwa wanaoishi karibu.

Anayeona kazi hii si yake apeleke kwa fundi, lakini aingie akijua anachoagiza. Mweleze fundi trei ilifanya nini ikiwa na CD na ilifanya nini ikiwa tupu. Kubaliana bei ya belti na usafishaji kabla hajafungua, na omba urudishiwe belti ya zamani. Ukiichukua redio, ijaribu palepale kibandani: CD katika kila nafasi, kisha nafasi zote tupu, fungua na kufunga mara kumi mfululizo, maana belti iliyochoka inaweza kupita mara tatu za kwanza bila shida. Nyumbani, ondoa kile kitambaa juu ya matundu ya hewa, na itoe trei na kuirudisha angalau mara moja kwa wiki hata kama husikilizi CD, ili belti isikae imekunjwa mahali pamoja kwenye puli ndogo.